Meza ya Mauzo Shuleni: Jinsi ya Kuwaacha Watoto Wauze, Wahesabu na Wakosee

Mauzo madogo ya shuleni hayahitaji mambo mengi: meza, daftari, sanduku la fedha na mtu mzima anayejua kunyamaza. Huyo wa mwisho ndiye adimu. Meza ya kwanza niliyoisimamia ilipendeza kwelikweli. Bei nilipanga mimi, mabango niliandika mimi, chenji nilirudisha mimi, na watoto walisimama nyuma ya meza wakitabasamu kama wapambe wa bibi harusi. Tukauza, tukapata fedha. Wiki moja baadaye nikawauliza tulipata faida kiasi gani. Kimya. Kisha mmoja akainua mkono: "Kwani faida si zile hela zote za kwenye sanduku?"

Tangu siku hiyo najua kwamba kila kazi ninayoifanya kwenye meza ile ni somo nililomnyang'anya mtoto. Mtu mzima alinde usalama wa watoto na wa fedha. Mengine yote wayabebe wao, pamoja na makosa yake.

Na wana uwezo. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti walioufanya Recife, Brazili, kwa watoto 5 wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani. Walipoulizwa hesabu palepale kazini, kwa njia ya mteja anayenunua, walipatia takriban asilimia 98. Watoto haohao walipopewa hesabu za aina hiyohiyo kwenye karatasi, wakashuka: asilimia 74 hivi kwenye maswali ya maneno, asilimia 37 hivi kwenye yale ya kukokotoa namba tupu. Kwa hiyo usiweke karatasi ya mazoezi juu ya meza ya mauzo. Mteja aliyenyoosha mkono akisubiri chenji yake ni mtihani wa kutosha.

1. Lengo na ruhusa (wiki tatu kabla)

Lengo liwe sentensi moja ambayo mtoto anaweza kuhakikisha kama imetimia au la. "Kusaidia shule" ni maneno ya hotubani. "Kununua vitabu viwili vya hadithi kwa ajili ya rafu ya darasa" ni lengo.

Barua ya kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu waandike watoto wenyewe. Iseme siku, saa, mahali, bidhaa, na fedha zitalala wapi baada ya mauzo. Wazazi nao wapate taarifa fupi yenye kiwango cha juu cha fedha ambacho mtoto anaruhusiwa kuja nacho. Kiwango hicho kiwe kidogo. Kitazuia mtoto mmoja kuja na noti nene na kuimaliza meza, na kitapunguza aibu ya yule aliyekuja na kidogo. Kwa ajili ya huyohuyo, hakikisha kuna angalau kitu kimoja cha bei ya chini kabisa, na asiwepo mtoto anayelazimishwa kununua.

2. Bidhaa gani?

Kwa mara ya kwanza epuka chakula. Kinaleta maswali ya usafi, ya mzio na ya kuharibika kwa wakati mmoja, na mwishowe watu wazima ndio watakaoishia kukishika. Vitu vya kutengenezwa kwa mikono, kama kadi na vialamisho vya vitabu, ni salama. Vitabu vilivyokwisha kusomwa pia huuzika, lakini kila kitabu kije na ruhusa ya mzazi. Bila hivyo kuna mtoto ataleta kitabu anachokipenda kaka yake kuliko vyote, na utamsikia huyo kaka mlangoni kabla ya mauzo kuisha.

Wafundishe kuuliza soko. Watoto wakiwauliza wenzao "Mtanunua kadi?" kila mtu atasema ndiyo, maana ndiyo haina gharama. Waonyeshe vitu viwili mkononi waulize: "Ungekuwa na hela ya kimoja tu, ungechukua kipi?" Wahoji wenzao 20, wapige mistari kwenye karatasi, wahesabu. Kitu wanachokipenda wao huenda kikashindwa vibaya, na hilo walione mapema kabla karatasi haijakatwa.

3. Mtaji ni mkopo

Usiwape watoto fedha za kununulia vifaa kama zawadi. Wakopeshe. Andikeni karatasi: kiasi, siku ya kurudisha, saini za pande mbili. Watoto wa miaka minane hutia saini ya deni kwa uzito ambao watu wazima tumeusahau. Bila deni hili somo la faida haliingii, kwa sababu kila kilichomo sandukuni kitaonekana chao.

4. Bei

Hapa usiwe na haraka. Tenga kipindi kizima.

Tuchukue kadi 40. Karatasi ngumu zimegharimu sarafu 60 (sarafu hapa ni fedha ya mfano tu), rangi 30, gundi 20, bahasha 40. Jumla ni 150. Kabla hujawaonyesha hesabu hiyo, waache wataje bei kutoka vichwani. Utasikia za aina mbili. Kuna watakaosema 3, "ili kila mtu aweze kununua". Kuna watakaosema 20, "kwa sababu nimeichora siku nzima". Zote zina hoja, kwa hiyo usizicheke. Zipime.

Gawanyeni 150 kwa 40: kila kadi imeshakula sarafu 3 na robo tatu kabla haijafika mezani. Kwa bei ya 3, hata zikiisha zote zitaleta 120, na deni la mtaji litabaki na pengo la 30. Huruma ni nzuri, ila hapa nani atailipia? Yule wa 20 muulize swali moja tu: kadi ya mwenzako, nzuri kama yako, ungeinunua kwa bei hiyo? Mara nyingi hucheka mwenyewe na kushuka.

Tuseme wamekubaliana 5. Sasa chora ubaoni visanduku 40, kila kimoja kadi moja. Waulize wauze ngapi ndipo deni liishe. Watagundua ni 30, kwa kuwa 30 mara 5 ni 150. Paka rangi visanduku 30 na uwaambie hivyo si vyao, ni vya mtaji. Faida yote imekaa kwenye vile 10 vya mwisho vilivyobaki vyeupe, nayo ni 50. Nimeona darasa zima likinyamaza mbele ya mchoro huo. Kila mtoto alikuwa akifikiri kadi ya kwanza ikiuzwa tayari kuna faida.

Baada ya hapo huwa anatokea mmoja wa kuuliza: "Na kazi yetu je?" Mshukuru, maana ameona kitu kikubwa. Wakiwa sita na kila mmoja amefanya kazi saa mbili, hizo ni saa 12. Gawanya 50 kwa 12: saa nzima ya kukata, kuchora na kubandika inaleta sarafu 4 na kidogo, chini ya bei ya kadi moja. Waambie ukweli kwamba kwenye biashara ya kweli kazi ya mtu ni gharama na huingizwa kwenye bei. Sijaona njia bora ya kumfanya mtoto amheshimu fundi wa kazi za mikono.

Jambo dogo la mwisho: bei ya 5 au 10 hurahisisha chenji. Kwa wakubwa wa miaka 11 na kuendelea waweza kuweka 7 kwa makusudi. Watanuna, lakini watakomaa.

5. Kazi za mezani

Kikundi cha watano au sita kinatosha. Muuzaji anazungumza na mteja, mtunza fedha anapokea na kurudisha chenji, mwandishi anaandika kila kinachotoka, mpangaji anajaza nafasi zinazobaki wazi mezani, na mmoja anawaelekeza watu foleni. Badilishaneni kila baada ya dakika 15. Ukiacha wachague wenyewe, mwenye hesabu kali atakaa kwenye sanduku tangu mwanzo hadi mwisho na mwenye haya atajificha kwenye kupanga, na kila mmoja ataondoka na kile alichokuja nacho.

Umri uangaliwe. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wadogo wakiona maji yakimiminwa kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba ndefu, husema yameongezeka. Kwenye fedha ni vivyo hivyo: mtoto wa miaka 5 aweza kufurahia sarafu tano ndogo kuliko moja yenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu tano ni nyingi. Huyo mpe kazi ya kupanga, kuhesabu vitu na kusalimia wateja. Chenji waachie wa miaka 8 na kuendelea, na hesabu ya gharama waongoze wakubwa.

6. Daftari na sanduku

Mali bila daftari hupotea bila habari. Waandike methali hiyo kwenye jalada, kisha ukurasa wa kwanza uwe na mambo mawili kabla mteja yeyote hajafika: idadi ya kila bidhaa, na fedha za chenji zilizowekwa sandukuni. Tuseme zina thamani ya sarafu 50, kwa vipande vidogovidogo. Hizo si mauzo, na mstari huo usipoandikwa mapema utawasumbua jioni.

Kurasa zinazofuata ziwe na safu za kitu, idadi, fedha iliyoingia na aliyeuza. Wateja wakibanana, mwandishi apige mistari: minne wima na wa tano kuikata. Kadi iliyotoka lazima iwe na mstari wake.

Wenye umri mkubwa waweza kusikia kisa cha mtawa Luca Pacioli, aliyechapisha Venice mwaka 1494 maelezo ya namna wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakiandika kila muamala pande mbili, kinachotoka na kinachoingia. Meza yenu ina pande mbili pia: kadi ikipungua huku, sarafu 5 lazima zionekane kule.

7. Mazoezi ya siku moja kabla

Hili wengi huliruka, nao hulijutia. Wewe kuwa mteja msumbufu. Njoo na noti kubwa ununue kadi moja. Omba upunguziwe. Shika kila kadi halafu usinunue. Dai kwamba umeshalipa. Jifanye rafiki yao mpenzi na useme, "Nipe, nitakuletea kesho." Waache wajikwae hapa, mahali ambapo hakuna anayewacheka. Jibu la mkopo wakubaliane kabla ya siku yenyewe.

Chenji wafundishe kwa kupanda, si kwa kutoa. Kadi tatu ni 15, mteja ametoa 50. Mtoto asikimbilie kutoa kichwani. Aanze na 15, aweke sarafu ya 5 mkononi mwa mteja akisema "ishirini", aongeze 10 akisema "thelathini", aongeze 20 akisema "hamsini". Mteja na muuzaji wanasikia hesabu ileile kwa wakati mmoja, na ugomvi hauna pa kuanzia. Noti ya mteja ibaki juu ya meza mpaka chenji ikubaliwe. Ikitupwa sandukuni mapema, hakuna wa kuthibitisha ilikuwa ya 20 au ya 50.

8. Siku yenyewe

Dakika 45 hadi saa moja zinatosha. Bango liseme nini kinauzwa, bei na fedha zinakwenda wapi. Bei iandikwe pia kwenye kila rundo, maana mtoto mwenye haya hatauliza, ataondoka.

Kaa hatua chache nyuma, mahali unapoliona sanduku lakini huwezi kulifikia kwa mkono. Mtoto akikwama kwenye chenji, hesabu moyoni hadi kumi kabla hujafungua mdomo. Mara nyingi mwenzake atamsaidia ukifika saba.

Kuna watu wazima wawili wa kuwatazama. Wa kwanza ni mzazi mwenye mapenzi mengi anayetaka kununua meza nzima katika dakika ya tano. Mwombe kwa upole anunue kimoja na awaachie wengine. Meza ikiwa tupu, watoto watakuwa wamejifunza kukunja kitambaa tu. Wa pili ni yule asemaye "chenji baki nayo". Ukarimu wake unaivuruga hesabu, kwa hiyo ziada hiyo iandikwe kwenye ukurasa wake kwa jina la michango, isichanganywe na mauzo.

Mteja akikataa, watoto wamezoea kununa. Biashara haigombi. Muuzaji aliyeambiwa "hapana" hujibu vizuri, "karibu tena", na nimewaona wateja wa namna hiyo wakirudi kabla meza haijafungwa.

Zikibaki dakika kumi, kutakuwa na bidhaa hazijaenda. Mwaka mmoja tulibaki na kadi 6. Zilikuwa zimeuzwa 34, yaani 170, na fedha ya kulipa deni la mtaji ilikuwa imeshapatikana. Mtoto mmoja akashauri zishushwe hadi 3. Mwenzake akaruka: "Kila kadi ilitugharimu 3 na robo tatu! Hiyo ni hasara!" Wakabishana palepale mbele ya wateja, nami nikauma ulimi. Aliyewamaliza ni msichana wa foleni aliyekuwa kimya muda wote: "Tukirudi nazo darasani zitatupa ngapi?" Sifuri. Zikauzwa kwa 3, zote sita, zikaleta 18. Fedha iliyokwisha kutumika hairudi kwa kununa, na wapo wafanyabiashara wenye stoo zilizojaa vumbi ambao hawajalielewa hilo.

9. Kufunga hesabu

Fanyeni siku hiyohiyo, kabla mtu hajaenda nyumbani. Wawili wahesabu fedha, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiana jibu. Wengine wahesabu bidhaa na mistari ya daftari. Kisha mkutanishe namba.

Siku ile ya kadi, daftari lilisema 170 na 18, jumla 188. Ukiongeza chenji ya kuanzia 50, sanduku lilipaswa kuwa na 238. Lilikuwa na 233. Wakahesabu tena: 233. Mara ya tatu, sarafu zikiwa zimepangwa minara midogo ya kumikumi sakafuni, 233 tena. Mkono wangu ulikuwa mfukoni tayari, nimeshaishika sarafu ya 5 ya kuidondosha kimyakimya ili watoto waende nyumbani na furaha. Nikauacha mkono mfukoni.

Walianza kutuhumiana kidogo, kisha mwandishi akaja na hoja: pengo ni 5, na 5 ni kadi moja kamili, kwa hiyo si kosa la chenji. Kuna kadi iliyotoka bila fedha. Wakapitia zamu moja moja. Walipofika zamu ya tatu, mvulana mmoja akaanza kuangalia viatu vyake. "Mwalimu, ile ya bluu… rafiki yangu alisema ataleta kesho." Mstari alikuwa ameupiga kwa uaminifu, ila fedha haikuingia.

Hakuadhibiwa. Waliandika kwenye ukurasa mpya: deni, 5, jina la mdaiwa na jina la aliyekopesha. Kumdai kukawa kazi yake. Ilimchukua siku tatu na mapumziko matano. Aliponiletea ile sarafu aliniambia kumdai rafiki ni kazi kuliko kuuza kadi kumi. Somo la mkopo nisingeweza kumpa vizuri zaidi ya hapo, na kama ningeidondosha sarafu yangu lisingekuwepo.

Pengo likishindikana kabisa kupatikana, liandikwe kama lilivyo: "upungufu 5, sababu haijulikani". Wasifute, wasibuni. Na mtoto yeyote asitoke shuleni na fedha za mauzo mfukoni. Zikishahesabiwa zinawekwa panapofungika, na watu wawili wanatia saini.

10. Kulipa deni na kugawa kilichobaki

Mtaji urudishwe kwa mkono, mbele ya kikundi, na ile karatasi ya deni ichanwe. Kwetu 188 kutoa 150 iliacha 38. Ubaoni tulikuwa tumeahidiana 50. Nikawaachia swali: 12 zimekwenda wapi? Walizipata kwenye zile kadi sita, kila moja ikiwa imepungukiwa 2.

Ile 38 ilitosha kitabu kimoja, siyo viwili walivyovipanga. Usiwaongezee. Wetu walibishana kati ya kununua kimoja mara moja na kungoja mauzo mengine, na mabishano hayo yalidumu kuliko mauzo yenyewe. Walipiga kura, wangojaji wakashinda kwa kura moja.

Mazungumzo ya mwisho yawe mafupi, na usiulize "Mmejifunza nini?", maana watakujibu wanachodhani unataka kusikia. Uliza nani alimpa mtu chenji kimakosa na alijuaje, mteja gani aliwashinda, na wakianza upya kesho watabadilisha nini kwanza. Majibu waandike ukurasa wa mwisho wa daftari kwa ajili ya kikundi kijacho. Ukurasa wa kikundi kile ninao bado:

Bahasha zilizidi. Tulete sarafu ndogo zaidi. Kadi za bluu ziwe nyingi. Asikopeshwe mtu, hata rafiki. Mwalimu asisogee karibu na sanduku, tunachanganyikiwa.